Siku Nilipomwamkia Mtani

Mimi ni mdau. Sikujua, niliambiwa. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia tupu kwenye ghala la karanga, vumbi limenifika viwikoni, akaja mwanamume wa shati lililonyooshwa pasi akasema sisi akina mama wa Ipuli ni wadau muhimu wa chuo kikuu. Mama mapacha, ambaye tumekaa naye gunia kwa gunia tangu nianze kazi pale, akaniinamia.

"Mdau analipwa?"

"Nadhani mdau ndiye asiyelipwa," nikamjibu.

Nimesoma mpaka kidato cha nne, nikafaulu kiasi cha kutosha kuniumiza na si kiasi cha kutosha kuendelea. Nasema mapema ili mtu asije akafikiri nakidharau chuo kwa kuwa sikijui kitabu. Kitabu nakijua. Ninachodharau ni watu wanaokuja kwako na neno zuri, wakakaa juu yake kama kuku juu ya mayai ya plastiki, halafu wakasubiri wewe ushangilie vifaranga.

Neno lao lilikuwa ushirikiano wenye usawa. Nitaeleza ulivyotufikia, lakini kwanza nieleze tulichokuwa nacho kabla yao, maana wao walipofika walitutazama kana kwamba hatukuwa na kitu.

Tulikuwa na zamu. Kazi yetu ni kubangua karanga, unalipwa kwa debe. Tajiri mwenye ghala hataki mtoto ghalani tangu mmoja alipojitia punje puani wakapelekana hospitali. Basi tulimwomba bibi mmoja wa mjini, mjane, Mwislamu wa ukoo ulioishi Tabora tangu haijajulikana reli ni nini, atupe chumba cha uani ambacho marehemu mumewe alikuwa akishonea nguo. Akatupa bure, kwa sharti kwamba adhuhuri watoto wasipige kelele akiwa anaswali. Kila siku mama mmoja alibaki na watoto, na sisi wengine tuliokwenda ghalani kila mmoja alimimina kopo lake la karanga kwenye beseni la yule aliyebaki. Jioni beseni lake lilikwenda kupimwa kama la mtu mwingine yeyote. Aliyekaa na watoto alihesabiwa amebangua. Hatukuandikishana, hatukuitana mkutano, hakuna aliyesema usawa. Ukisahau kumimina, jirani yako alikukohoa tu.

Zamu yangu niliandika herufi ukutani kwa mkaa, bibi akanigombeza kwa ajili ya ukuta wake. Zamu ya mama mapacha waliimba nyimbo za Kinyamwezi mpaka sauti zikakauka. Kuna mwenzetu mmoja yeye zamu yake alilala mlangoni, mwili mzima umeziba njia, na watoto walicheza ndani kwa kuwa hapakuwa na pa kutokea. Sisemi ilikuwa shule. Nasema kila asubuhi palikuwa na mtu mzima.

Kwangu mimi jambo lenyewe lilikuwa hilo tu. Mwanangu alikuwa na miaka mitatu na kitu. Baba yake yuko Kaliua, huja pale treni inapomkumbusha kwamba ana mtoto. Kama pasingekuwa na mtu wa kukaa na mwanangu asubuhi, ningelazimika kumpeleka kwa mama yangu Igalula akakulie huko, aje aniite dada. Nimeona wanaoitwa dada na watoto waliowazaa. Sikutaka.

Basi yule wa shati la pasi alikuwa mhadhiri wa ualimu. Tajiri akamletea kiti, sisi tukabaki kwenye magunia. Mama mapacha akamuuliza anatoka wapi, kwa kuwa lafudhi yake haikuwa ya huku.

"Mimi Mzaramo, wa Kisarawe."

Ghala zima likachangamka. Kwa asiyejua, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walibeba pembe na mizigo kutoka hapa Tabora hadi pwani kwa miguu, babu zao wakawapokea kule, na kama waliwakirimu au waliwaibia ni jambo ambalo halikuamuliwa, likaachwa liwe utani. Mtani anakutukana usoni, anakunyang'anya nyama mdomoni, anakuja kwenye msiba wako analala kaburini mpaka apewe kitu ndipo mzike. Na wewe huruhusiwi kukasirika. Anayemkasirikia mtani ndiye anayeaibika.

"Kumbe ni wetu huyu," mama mapacha akasema. "Simama basi, beba gunia hilo upeleke nje."

"Kubeba ni kazi yenu," mhadhiri akajibu. "Babu zenu walibeba mpaka mabega yakaota sugu. Nimekuja kuangalia kama zimepona."

"Zimepona. Ila tumbo la babu yako lililokula posho zao, naona umelirithi."

Alikuwa na kitambi kweli. Akakipigapiga, akacheka, wanawake wakafuta machozi. Tangu hapo alikuwa ameshinda. Mtu akija na utani mzuri Tabora hata kama amekuja kubomoa nyumba atapewa nyundo.

Akatueleza. Wanafunzi wake wanasomea kufundisha watoto wadogo na wanahitaji watoto wa kujifunzia. Sisi tuna watoto. Kwa hiyo wanafunzi watakuja kila asubuhi kwenye chumba cha bibi, na sisi kwa upande wetu tutakwenda chuoni kuwafundisha wanafunzi namna jamii inavyoishi. "Hakuna aliye juu, hakuna aliye chini," akasema, akiwa juu ya kiti.

Walikuja. Wawili wawili, wasichana kwa wavulana, na makaratasi ya rangi na picha za wanyama ambao sisi wenyewe hatujawaona. Siwezi kusema walikuwa wabaya, maana huo utakuwa uongo na mimi naukasirikia uongo. Walikuwa wazuri. Mwanangu akarudi nyumbani ananiambia majani ni kijani, anga ni bluu, na mimi ni kahawia. Kulikuwa na binti mmoja, mwembamba, kwao Urambo, ambaye watoto walimganda kama kupe. Yeye ndiye aliyewafundisha wimbo wa treni, wanashikana nguo kwa nyuma, wa mbele anapiga honi, wanazunguka chumba.

Ila tazama kilichotokea ghalani. Haikupita wiki, zamu ikafa. Nani amimine kopo lake kwenye beseni la mtu ambaye hayupo? Kila mmoja akabangua karanga zake zote, kila mmoja akapima zake zote. Mmoja akanunua redio, mwingine akasuka nywele za bei. Beseni la katikati likachukuliwa na tajiri, akaweka maji ya kunawa. Hakuna aliyelisemea, na hakuna aliyekohoa tena.

Halafu ikaja asubuhi moja. Nilimwacha mwanangu mlangoni kwa bibi kama kawaida, kwa sababu wanafunzi walikuwa na desturi ya kuchelewa kidogo, na bibi alikuwa amefungua chumba akaenda zake kliniki kupima presha. Wenzangu nao wakaacha watoto wao hapohapo. Tukaenda kazini tunapiga soga.

Hawakuja. Si mmoja, si wawili, hakuja mtu.

Jua lilikuwa limeshapanda aliposimama mlangoni mwa ghala yule fundi baiskeli anayekaa karibu na njia panda ya reli. Hakuingia, akaita tu kutoka pale.

"Akina mama, watoto wenu wako relini."

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka kanga imenidondoka njiani na sikuiokota. Tuliwakuta juu ya reli yenyewe, wameshikana nguo kwa nyuma, pacha mmoja mbele anapiga honi, wanakanyaga taruma moja baada ya jingine kuelekea upande wa Kigoma. Mwanangu alikuwa wa mwisho kabisa.

"Mama, usinishike," akaniambia. "Mimi behewa."

Fundi alikuwa amewaita mara kadhaa wakamwambia treni haisimami kila mahali. Treni yenyewe ya kweli haikupita saa ile. Sitaki kuandika zaidi juu ya treni.

Nilimpigia yule binti wa Urambo. Alipokea kwa sauti ya chini, ya mtu aliye maktaba.

"Dada, tuko kwenye mitihani. Baada ya hapo likizo. Hamkuambiwa?"

"Na nani?"

"Ratiba ilibandikwa."

"Wapi?"

"Kwenye ubao wa matangazo. Hapa chuoni."

Ubao wa matangazo, chuoni. Sisi wadau muhimu, wenye usawa, tusio juu wala chini, tulitakiwa kila asubuhi tuamke, tuvuke mji, tukasome ubao ndipo tujue kama watoto wetu wana mwalimu. Watu wanasomea miaka na miaka namna ya kukaa na mtoto, na katika miaka yote hiyo hapakutokea mmoja wa kuwaambia kwamba mtoto hana likizo. Mtoto yupo tu. Mitihani ikianza, yupo. Na mhadhiri akienda Kisarawe kula nazi, mtoto wangu yupo.

Nikarudi ghalani nikasema turudishe zamu. Nilidhani litakuwa neno la kusema mara moja. Wanawake wakatazama mabeseni yao.

"Si watarudi?" akasema mmoja.

"Lini?"

"Wakimaliza mitihani."

"Na kesho?"

"Kesho kila mtu ajue wake."

Nikamgeukia mama mapacha, maana wanawe ndio waliokuwa kichwa cha treni. Akasema, "Mwenzangu, nimeshazoea kupima debe zima. Kopo langu kila siku, kila siku, unajua linafika wapi?" Akaniambia wanawe atawafungia ndani, ana kufuli nzuri.

Hapo nilidharau kila mtu, na sikuchagua. Niliwadharau wenzangu waliouza kitu chao wenyewe kwa wimbo wa treni. Lakini zaidi nilimdharau yule aliyekuja akakuta kitu kinafanya kazi, hakukiuliza ni nini, akakikanyaga akiwa anacheka, kisha akaandika mahali, nina hakika aliandika, kwamba ameijengea jamii uwezo.

Siku zilizofuata nilimwingiza mwanangu ghalani kwa siri, nikamlaza nyuma ya magunia. Vumbi likamkaa kifuani. Tajiri akasikia kikohozi, akasema nichague, mtoto au kazi. Nikaanza kumkunjia mwanangu nguo zake za kwenda Igalula. Alinitazama nikikunja, akaniletea na viatu vyake, akidhani tunasafiri wote.

Ni katikati ya mambo hayo chuo kilipofungua tena na sisi tukaitwa kwenda kufundisha. Walituletea basi. Ukumbi mkubwa, feni zinazunguka, wanafunzi na kompyuta zao mapajani. Wenzangu wakanichagua mimi niongee kwa sababu ya kidato changu cha nne. Nilisema yote. Nikasema mliondoka bila kutuaga, watoto wetu wakaenda relini, mimi hapa mwanangu anaelekea Igalula kwa sababu yenu, na kama ndiyo ualimu mnaofundishwa humu basi afadhali chumba hiki kingefugiwa mbuzi.

Nilipofika kwenye mbuzi, mhadhiri akaanza kucheka. Akasimama akawageukia wanafunzi.

"Mnawasikia watani zangu? Mnyamwezi akikusema hivi ujue anakupenda. Asiyekupenda hakusemi."

Ukumbi ukacheka, wakapiga makofi. Nikasema sitanii. Wakacheka zaidi, kwa kuwa hivyo ndivyo mtani mzuri anavyosema. Nikapandisha sauti, akashika mbavu. Nikamtazama mama mapacha kwenye kiti cha mbele, naye meno nje. Mtu pekee ambaye hakucheka ni yule binti wa Urambo. Alikuwa ameinamisha uso kwenye daftari lake na hakuandika.

Tukapewa fulana na pilau. Pilau ilikuwa na nyama, nakiri. Nilipigwa picha nikiwa nimefungua mdomo, na baadaye nikaambiwa picha hiyo imetundikwa kwenye korido ya idara yao, chini yake imeandikwa jamii ikishirikisha maarifa.

Kwenye basi la kurudi ndipo nilipomwelewa. Mtu yule alikuwa amejijengea nyumba isiyo na mlango wa kuingilia hasira. Chochote utakachomwambia kinapokelewa kama utani, na utani haujibiwi kwa vitendo, unajibiwa kwa utani mwingine. Ningemtukana mpaka jino la mwisho lingetoka, angeenda nyumbani kwake amefurahi. Mababu waliutengeneza ili watu waliokutana njiani na mizigo wasiuane. Hawakuutengeneza ili mwenye kiti asimsikie aliye chini.

Wiki ile ile akaja kwa bibi kupanga muhula mpya. Ilikuwa Jumapili baada ya alasiri, wanawake wote wamekaa uani, bibi yuko kwenye mkeka wake anachambua mchele. Akaingia na sauti juu.

"Wabeba mizigo wangu mpo?"

"Tupo," wakamjibu. "Leo umetuletea nini, mla posho?"

Wakarushiana hivyo, kila mtu amechangamka. Kisha akanitafuta kwa macho.

"Na wewe mwenye mdomo wako. Leo umemeza mbuzi?"

Nilisimama. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikakunja goti kidogo, kama unavyomfanyia baba mkwe, macho chini.

"Shikamoo, mwalimu."

Alikuwa ameshafungua mdomo kucheka. Wanawake wengine walianza kucheka wakaacha katikati. Mtani haamkiwi. Ni mkubwa wako, sawa, ana mvi, sawa, lakini ukikutana naye unamtukana kwanza ndipo mengine yafuate. Ukimpa shikamoo umemvua utani.

"Mtani, unaumwa?" akauliza.

"Shikamoo, mwalimu."

Akawatazama wengine wamsaidie. Mama mapacha akajifanya anafunga kilemba cha mtoto. Bibi ndiye aliyesema, bila kuacha mchele wake.

"Itikia, baba. Umeamkiwa."

"Marahaba," akasema. Sauti ilitoka ndogo kama ya mtu aliyekanyaga kitu gizani.

"Huyu keshakutoa kwenye utani," bibi akamweleza. "Mimi na uzee huu nimeliona mara chache. Sasa zungumza naye kama mgeni na mtu mwenye shida. Na mimi ufunguo wa chumba changu nitampa yule atakayenitajia huyu."

Hilo la ufunguo sikumtuma. Bibi alilitoa mwenyewe, akaendelea kutupa mawe ya mchele kwa kuku.

Nikamwambia mhadhiri ninachotaka. Nikasema wanafunzi wasije badala yetu, waje ndani ya zamu yetu. Mama mmoja awepo kila siku, na wenzake wammiminie kopo lake kama zamani, awepo mwanafunzi asiwepo. Mama huyo ndiye atakayesema kama mwanafunzi amefundisha vizuri au alikuwa anachezea simu, na alama zake zitoke hapo.

"Alama haiwezekani," akasema. "Kanuni za chuo haziruhusu mtu asiye mhadhiri kutoa alama."

"Kuwafundisha mlituruhusu."

"Ile ilikuwa ni kubadilishana uzoefu."

"Sawa, mwalimu," nikasema, kwa adabu ile ile. Niliona inavyomwasha. Angelipa mshahara wa mwezi nimwite mla posho.

Kwa akina mama wenzangu wa zamu haikuwa rahisi pia. Wakanung'unika pale pale mbele ya mgeni kuhusu kopo. Mama mapacha akasema yeye atamimina nusu kopo. Nikamwambia basi wanawe watalindwa nusu, achague yupi. Wakacheka, na huo ulikuwa utani wa kwetu, sikuuzuia. Akasema haya, kopo zima, lakini mwenzetu yule wa kulala mlangoni asihesabiwe. Tukabishana juu ya anayelala mpaka mhadhiri akaangalia saa. Mwisho tukabaki kwamba siku tatu za wiki zitakuwa za mama na mwanafunzi pamoja, na mbili zilizobaki chuo kitaziwajibikia peke yake, kwa kuwa wao ndio wenye haja ya watoto na sisi ndio wenye haja ya debe.

"Na siku hizo mbili mwanafunzi asipotokea?" nikauliza.

"Atatokea."

"Asipotokea."

"Akikosekana kabisa, basi nitakuja mwenyewe," akasema. Alilisema kama watu wa ofisini wanavyosema karibuni tena.

"Utakuja mwenyewe," nikarudia.

"Nitakuja."

Mama mapacha aliinua uso. Nadhani aliona nilichokiona. Neno hilo angelisema kwa mtani lingepotea hewani. Alikuwa amelisema kwa mtu aliyempa shikamoo.

Muhula ukaenda. Zamu ilirudi kwa kuchechemea, kukohoana kulikuwa kwingi ghalani. Yule binti wa Urambo alikuja siku zake zote, na siku moja akaniuliza kama anaweza kumimina kopo naye, ingawa hana karanga. Nikamwambia apeleke watoto chooni, inatosha.

Siku niliyokuwa naisubiri ilikuwa siku ya chuo. Nilimfikisha mwanangu, nikakuta watoto wamesimama mlangoni na bibi ameshika fimbo yake amekinga njia. Hakuna mwanafunzi. Binti wa Urambo alikuwa amefiwa, amekwenda kwao, mwenzake hajulikani alipo. Ghalani mzigo wa karanga ulikuwa umeingia usiku na tajiri alitaka mikono yote. Nikatoa simu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mm. Kuna nini?"

"Watoto wapo."

Nikasikia watu wanaongea nyuma yake, viti vinasogezwa.

"Nina kikao leo. Na wageni kutoka makao makuu."

"Sawa, mwalimu. Watoto wapo."

Sikusema zaidi. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na kila moja lingemsaidia kunicheka. Nikakaa kizingitini na simu sikioni nikimsikiliza anavyopumua, mwanangu amenishika kidole. Nguo zake nilikuwa sijazifungua zote. Nyingine bado zilikuwa ndani ya mfuko wa Igalula.

"Nakuja," akasema.

Alikuja na bodaboda, viatu vya ngozi, kitambulisho shingoni. Sikumpa karibu ndefu. Nikamwonyesha ndoo ya maji, chungu cha uji, mtoto anayeng'ata na mtoto anayeng'atwa. Akauliza ratiba ya somo iko wapi. Nikamwambia somo ni wasitoke. Nikaenda kubangua karanga.

Tulipotoka jioni tulikwenda wote kwa bibi, tusiseme hatukuwa na hamu ya kuona. Watoto walikuwepo wote, hakuna aliyelia. Yeye alikuwa amekaa chini, sakafuni hasa, mgongo kwenye ukuta wenye mkaa wangu, suruali ina uji na kitu kingine ambacho si uji. Sauti imemkauka. Simu yake ilikuwa mikononi mwa mapacha na wote wawili walikuwa wanampigia mtu.

"Kesho anakuja nani?" akaniuliza.

"Kesho ni zamu yetu."

"Na keshokutwa?"

"Ni yenu, mwalimu. Tazama kwenye ubao."

Hakucheka. Nilimtazama vizuri nione kama atajaribu. Nilimfuata mwanangu, nikamfuta pua, nikamvalisha kiatu kilichokuwa mguu usio wake. Wenzangu wakachukua watoto wao, wakaaga mmoja mmoja, mama mapacha akawapokonya wanawe simu akamrudishia mwenyewe. Akabaki mtoto mmoja wa yule mwenzetu anayelala. Huwa anachelewa kila siku, sote tunajua, anapitia sokoni.

Mhadhiri alisimama akajipangusa, akatazama mtoto, akatazama mlango.

"Huyu mama yake yuko wapi?"

"Anakuja."

"Saa ngapi? Ana simu?"

"Anayo," nikasema. "Haina chaji."

Tukatoka. Nilipofika kwenye kona nikageuka. Alikuwa amekaa tena kizingitini, mtoto pembeni yake, na bibi anamletea kikombe cha chai.